Upande wa Figili

Kudo Eikichi alikuwa mwoga, na katika mji mzima wa Hakodate hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe. Aliogopa mbwa, hata aliyefungwa. Aliogopa mwiba wa samaki, ngazi zenye unyevu, na simu inayolia watu wakiwa mezani. Majirani walisema hata na kivuli chake walizoeana kwa sababu tu walizaliwa siku moja.

Uoga wenyewe aliurithi. Baba yake, Tamezo, alikuwa akichochea makaa kwenye meli zilizovusha watu na mabehewa ya treni kwenda ng'ambo ya mlango wa bahari. Siku ya tufani ya mwaka hamsini na nne alitazama mawingu, akatazama maji ya bandari, akamwambia mkubwa wake kwamba tumbo linamsokota. Wenzake walimcheka mpaka ngazi ya meli ikaondolewa. Usiku huo meli ililala ubavu na watu zaidi ya elfu wakafa. Tamezo hakujisifu hata mara moja. Miaka saba baadaye akampata Eikichi, na mtoto alipokataa kupanda mti au kujifunza kuogelea, baba mtu hakumkemea. Sisi Waswahili husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa akina Kudo kicheko kilibisha hodi kila siku, wakakizoea.

Mtu atauliza mwoga kama huyo alipataje kuwa dereva wa tramu. Mimi nasema, angepewa nani tena? Abiria hana haja ya shujaa. Eikichi alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minne, na kwa miaka thelathini na tisa hakugusa hata paka. Ule msemo wa ajali haina kinga aliuchukia kabisa, akisema ni maneno ya madereva wavivu. Kinga ipo, nayo ni kuogopa kabla hujafika.

Lakini uoga wake ulikuwa na kituko kimoja. Alipomwoa Fusae, binti wa muuza ngisi wakavu, alimwomba jambo moja tu: asipande tramu anayoiendesha yeye.

"Nikijua umo nitakuwaza wewe," alimwambia, "na reli haitaki mawazo."

Fusae alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Basi miaka thelathini na sita akapanda mabasi, hata siku za theluji ya magotini. Tramu ya mumewe ilipompita barabarani alitazama kando kama hawajuani.

Miaka kumi ya mwisho Eikichi alipewa gari la zamani, lile la mbao ambalo madereva waliliita Bibi. Bibi alitoka majira ya kuchipua na kurudi bandani majani yakianza kupukutika, akibeba wageni waliotaka kuuona mji jinsi babu zao walivyouona: miteremko mirefu inayoishia kwenye maji, makanisa ya kilimani yenye kengele, maghala ya matofali mekundu. Dereva alivaa kofia na koti la enzi zile, akaendesha wima, mkono mmoja kwenye wenzo wa umeme na mwingine kwenye breki. Nyuma alisimama kondakta, Sawabe Chinatsu, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye ulimi usiolala. Kazi yake ilikuwa kuwasimulia wageni habari za mji na kuvuta kamba ya kengele. Mlio mmoja, simama. Milio miwili, ondoka.

"Bibi huyu alipozeeka," Chinatsu alikuwa akiwaambia wageni kila safari, "walisema hafai tena kubeba watu. Ila hawakumtupa. Walimfunga mafagio ya mianzi, akafagia theluji kwenye hizi reli miaka na miaka. Leo mnamwona kapakwa poda, msidhani hajui shida."

Wageni walicheka. Eikichi alilisikia hilo mara sita kwa siku na bado lilimfurahisha.

Sasa, ipo desturi moja ya madereva wa kule ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Dereva haangalii tu, bali huonyesha kwa kidole na kutamka. Kabla ya kuondoka ananyoosha mkono na kusema kwa sauti: mbele, wazi, kulia, wazi, kushoto, wazi. Hufanya hivyo kila kituo na kila njia panda, hata akiwa peke yake garini. Mwalimu wake wa zamani alimfundisha mpangilio: jicho kwanza, kidole cha pili, mdomo wa mwisho. Jicho linaona, kidole kinashuhudia, mdomo unaapa. Mgeni anayeona kwa mara ya kwanza hudhani ni maigizo. Kumbe ni kiapo, na Eikichi alikuwa amekila mara nyingi kuliko idadi ya nywele alizobakiwa nazo.

Shida ilianza mezani, mwezi wa Aprili. Kila asubuhi Fusae alimwekea wali, supu, samaki, na kisahani cha achari ya figili ambayo Eikichi aliipenda tangu utotoni. Kisahani kilikaa kushoto. Siku tatu mfululizo kikabaki vilevile.

"Umeichoka figili?" Fusae aliuliza.

"Figili ipi?"

Fusae alikitazama kisahani, akamtazama mumewe, akaanza kutoa vyombo. Eikichi aligeuza kichwa kufuata mkono wake, na hapo kisahani kikatokea, kama kimewekwa sasa hivi. Alikaa mezani mpaka supu ikapoa, akigeuza kichwa huku na huku taratibu: kisahani kipo, kisahani hakipo.

Katika Hakodate madaktari wa macho wapo, lakini wana wauguzi, na wauguzi wana dada zao, na mji wenyewe ni mdogo kwa maneno. Kwa hiyo yule mwoga, ambaye hakuwahi kukubali kupita chini ya bahari, alipanda treni ya kwenda Aomori, mji wa ng'ambo, na kukaa ndani ya lile shimo refu la reli lililochimbwa chini ya maji huku amefumba macho. Alichokiogopa zaidi ya bahari kilikuwa kujulikana.

Daktari wa Aomori alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliomtisha.

"Ni presha ya macho, Mzee Kudo. La kushoto limeshapoteza karibu nusu. La kulia limeanza. Matone haya yatazuia yasizidi, lakini kilichokwenda hakirudi."

"Nitaendelea kuona?"

"Mbele utaona vizuri tu. Ndiyo hila ya ugonjwa huu. Unafanya kazi gani?"

"Naendesha gari."

"La abiria?"

Eikichi alitazama viatu vyake. Daktari aliweka kalamu chini. "Acha kabla ya kesho. Utawaambia mwenyewe kazini?"

"Nitawaambia."

Hakuwaambia. Alirudi na chupa ya matone ndani ya soksi, akajiapiza kwamba atamaliza msimu tu, hadi Oktoba, kwa kuwa kipimo cha afya kazini kilikuwa Novemba. Akajidanganya kwamba Bibi hana dereva mwingine anayemuelewa, na ukweli ni kwamba walikuwepo watatu, wote wazuri. Mficha maradhi kilio humfichua, na Eikichi methali za namna hiyo alizijua kwa lugha yake. Tangu azaliwe alikuwa na uoga mmoja, nao ulimwongoza vyema. Sasa alikuwa nao wawili. Mmoja ulimwambia utaua mtu. Wa pili ulimwambia ukishuka hapa wewe si kitu tena. Akawa anaamka asubuhi hajui autii upi.

Garini alijifunza kugeuza kichwa. Akageuza mpaka Chinatsu akaona.

"Mzee, siku hizi unatupa shingo kama kuku anayetafuta punje."

"Shingo inaniuma."

"Basi mwambie mama akukande. Wageni watadhani unawatafutia noti zao zilizoanguka."

Alicheka naye. Alipogeukia mbele, mikono yake ilikuwa imelowa.

Mwishoni mwa Juni, kituo cha karibu na soko la asubuhi, alinyoosha kidole akatamka: kushoto, wazi. Bibi akaanza kwenda. Ndipo akasikia mkongojo ukigonga ubao wa gari, kacha, kacha, na sauti ya mwanamume akitukana. Alikuwepo mtu pale. Alirudi nyuma mwenyewe, kwa miguu yake ya kizee, na Eikichi hakumwona kabisa.

"Yule baba kakuporomoshea matusi," Chinatsu alisema walipofika mwisho wa njia. "Ulimfanyia nini?"

"Sijui."

Chinatsu alimtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, kisha akaanza kufuta madirisha.

Kilichomtisha Eikichi siku ile si mkongojo wenyewe. Alikaa chooni kituoni, mlango umefungwa, akatafakari, na akagundua kwamba shingo hakuigeuza. Alikuwa ametamka kwanza. Mdomo ulitangulia, kidole kikafuata, na jicho halikuulizwa. Mazoea yana taabu: miaka thelathini na tisa upande ule ulikuwa wazi, na mdomo uliendelea kuapa kwa niaba ya jicho lililokufa. Tangu hapo kila alipotamka neno wazi hakujua tena kama ameona au amekumbuka.

Nyumbani nako mambo yalibadilika bila kelele. Kisahani cha figili kilianza kuhama. Leo kipo mbali kushoto, kesho karibu na bakuli, keshokutwa katikati. Siku nyingine Eikichi alikiona, siku nyingine hapana. Alidhani Fusae anazeeka na kusahau mahali pa vitu. Nayo hofu ya mtu mwenye siri ndivyo ilivyo, humwonyesha makosa ya wenzake.

Siku ya tarehe kumi na nne Julai ilikuwa na ukungu mwepesi kutoka bandarini. Mbele ya stesheni wageni walijaa, kama thelathini, wengine wamesimama wakishika vitanzi vya ngozi. Eikichi alikuwa akipangusa kioo aliposikia sauti nyuma ya bega lake la kushoto.

"Habari za kazi, Baba Kaori."

Kitambaa kilimdondoka; ni mtu mmoja tu aliyemwita kwa jina la binti yao. Aligeuka mzima. Fusae alikuwa ameketi mwisho wa benchi, karibu kabisa na dereva, amevaa blauzi yake ya kwendea misibani na sherehe, furushi la chakula mapajani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kupanda tramu. Kuna sheria?"

"Tulikubaliana."

"Miaka thelathini na sita iliyopita. Hata paa la nyumba tumelibadilisha mara mbili."

"Shuka, mama. Nakuomba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeingia saa ngapi? Sikukuona."

"Najua hukuniona. Nimepita hapo kushotoni kwako, nimekuinamia kama mgeni." Fusae alilaza viganja juu ya furushi. "Nimekuja kukaa upande wa figili."

Kwa hiyo miezi mitatu ile mkewe hakuwa akisahau. Kwa kisahani kidogo cha achari alikuwa amempima jicho, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akajua giza linaanzia wapi na linaishia wapi. Tena alikuwa ameogopa peke yake upande mmoja wa meza, na yeye akiogopa peke yake upande wa pili.

Kengele ililia mara mbili. Ondoka. Nyuma yao tramu ya kawaida ilikuwa imeshafika ikingoja nafasi. Hapo ndipo angepaswa kusema, nami sitamtetea. Lakini wageni thelathini walikuwa wakimtazama mgongo, na mikono ina akili yake.

"Mbele, wazi. Kulia, wazi." Aligeuza shingo mpaka ikauma. "Kushoto, wazi."

Bibi akaondoka, mbao zikilalamika. Chinatsu alianza hadithi zake za moto mkubwa ulioteketeza mji, na jinsi barabara zilivyopanuliwa ili moto mwingine usivuke. Eikichi hakusikia. Alikuwa akisikiliza nyuma ya bega lake. Kila njia panda alitamka kushoto, wazi, na sauti yake ikapanda mwishoni kama anauliza. Pale juu ya dirisha paliandikwa kwamba ni marufuku kuzungumza na dereva gari likiwa linakwenda, na Fusae alikuwa mtu wa kutii maandishi. Eikichi aliendesha polepole kuliko mtu anayetembea. Wazo lilikuwa moja tu, kwamba yumo, yumo, Fusae yumo humu.

Wakafika njia panda kubwa reli zinapogawanyika, mkono mmoja ukienda gatini na mwingine nyuma ya mlima. Taa ya mshale ikawaka. Eikichi akaitazama, akaifurahia kwa kuwa aliiona vizuri, na katika furaha hiyo fupi mdomo ukatangulia.

"Kushoto, wazi."

"Kuna mtu, baba."

Fusae hakupiga kelele. Alisema kama vile mtu anavyosema supu imechemka. Lakini mkono wa Eikichi ulikuwa umeshavuta breki kabla neno halijaisha. Bibi akaguna, magurudumu yakalia juu ya chuma, wageni wakayumba na kushikana.

Eikichi aligeuza kichwa, taratibu, maana hakutaka kuona. Hatua moja kutoka kwenye ngazi ya gari alisimama mwanamke mzee sana, mgongo umepinda, ameshika kigari cha kutembelea chenye kikapu, na ndani ya kikapu mna vitunguu. Alikuwa hapo muda wote, wala hakukosea, alianza kuvuka taa yake ikiwa ya kijani. Na mwanamke yule, aliponusurika, alifanya nini? Aliinama. Aliinama mpaka uso ukakaribia vitunguu, akamwomba dereva radhi kwa kumsumbua na kumchelewesha. Kisha akainama tena kwa abiria.

Alipomaliza kuomba radhi alivuka, polepole, gurudumu moja la kigari likipiga mluzi.

Eikichi alisimama na breki mkononi. Sheria inasema gari likisimama ghafla, dereva haondoki mpaka atamke upya yote, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Chinatsu, kule nyuma, alikuwa ameshika kamba akimngoja.

Alinyoosha kidole. "Mbele, wazi."

Akakipeleka upande wa pili. "Kulia, wazi."

Akakileta kushoto. Kidole kilibaki mbele ya kioo, na watu wote walikiona. Safari hii aliuweka mdomo wake nyuma, kama alivyofundishwa, akalingoja jicho. Alilingoja muda mrefu. Alikuwa akiogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake, hata ile ya shimo la chini ya bahari, na hakumwambia mtu kwamba tumbo linamsokota.

"Kushoto," alisema, "sioni."

Wageni wawili watatu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Makofi yakaenea gari zima, kisha yakafa yenyewe, kwa sababu dereva alikuwa bado amenyoosha kidole na machozi yanamshuka.

Chinatsu aliishika kamba kwa mikono miwili. Milio miwili ni ondoka. Akavuta mara moja tu.

Wageni walihamishiwa tramu ya nyuma, wakishuka huku wamenyamaza kana kwamba waliingia nyumba ya watu bila hodi. Chinatsu alipiga simu, kisha akaja mbele. Eikichi aliuchomoa wenzo wa shaba mahali pake, akaufuta kwa kofia, akampa kwa mikono miwili.

"Binti, nilijua tangu Aprili."

"Mimi tangu mkongojo," Chinatsu alisema, akiupokea wenzo. "Niliogopa kukuuliza, mzee wangu."

Wakamngoja dereva mwingine. Eikichi hakujua asimame wapi. Miaka kumi ndani ya gari lile hakuwahi kukaa, hata mara moja. Fusae akasogea kwenye benchi kumwachia nafasi, naye akaketi, kofia magotini, akiutazama mji kupitia dirisha la pembeni kama abiria.

"Umeogopa?" alimuuliza mkewe.

"Tangu stesheni sijapumua."

Fusae alifungua furushi. Alitoa kisahani kidogo kilichofunikwa, akakifunua, akanyoosha mkono mbele ya mumewe na kukiweka juu ya benchi, upande wake wa kulia. Eikichi alikiona mara moja, bila kugeuza shingo. Akachukua kipande cha figili kwa vidole, akala.